Hodi ya Tatu

Umeme ulikatika saa tatu na nusu usiku. Hapa Pemba, Chake Chake yote ikazama kizani, majenereta mawili matatu yakaanza kunguruma upande wa sokoni, na mimi, nimeegemea ukuta barazani kwetu, nilikuwa nimemshika mkono mzee mmoja wa London nampeleka uchochoroni nikamnyonye damu.

Switch yangu, kile kifaa cha gemu cha mkononi, ilikuwa na chaji. Niliinunua kwa mtoto wa ammi yangu aliporudi Maskati, imeshachakaa, kijiti chake cha kushoto kinavuta chenyewe. Gemu inaitwa Vampyr. Mtoto wa dada yangu, aliyeko kidato cha pili, alikuwa amejibanza begani kwangu ananitaka nimtafsirie kila neno.

"Mjomba, mzee huyu mbona unazungumza naye tangu juzi?"

"Namchimba. Kila mtu humu ana siri zake. Ukizijua, damu yake inapanda thamani."

"Na usipozijua?"

"Utamnyonya vilevile, lakini pointi utapata kidogo."

Alinyamaza mpaka yule mzee akaanguka. Katika gemu hii, mtu unapommaliza unasikia wazo lake la mwisho kabla hajakata roho. Nikamtafsiria na hilo. Ndipo aliposema, taratibu, kama anayehesabu:

"Kwa hiyo kumjua mtu ni kumnonesha. Kama mbuzi wa Idd."

Akainuka akaenda kulala.

Mimi sikulala.

Daktari wa damu

Hii ni wiki ya saba maneno yale yananizunguka, na nimeona niyaandike yanitoke.

Vampyr ilitengenezwa na Dontnod wa Ufaransa, ikatoka mwaka 2018, na ya Switch ikafuata Oktoba 2019. Hadithi yake imewekwa London mwaka 1918, wakati wa ile homa ya mafua iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Dokta Jonathan Reid anarudi kutoka vitani, anazinduka ndani ya shimo la maiti akiwa na kiu asiyoielewa, na anaanza kwa kumnyonya dada yake mwenyewe, Mary. Baada ya hapo anaajiriwa hospitali ya Pembroke, zamu ya usiku. Anatibu watu ambao mwili wake unawataka.

Huyu Reid si daktari tu. Ni bingwa wa kuongezea watu damu.

Nami nafanya kazi ya maabara, upande wa damu. Kwa hiyo nilipoianza gemu hii nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akakaa kitandani. Karl Landsteiner alikuwa amegundua makundi ya damu mwaka 1901. Mwaka 1914 ikajulikana kwamba chumvi ya sitireti inaizuia damu isigande, na vita ile ikawa ndipo madaktari walipojifunza kuihifadhi damu ya mtu mmoja ikamngoje mwingine. Reid anaishi katika miaka ambayo kazi yangu ilikuwa inazaliwa. Kila mfuko ninaoutia kwenye friji leo, wenye dawa yake ya kuzuia kuganda, umetoka huko.

London yake ina mitaa minne na wakazi wapatao 60. Kila mmoja ana jina, ana kazi, ana anayemdai na anayemwonea haya. Huyu kichwa kinamuuma, yule amepungukiwa damu. Unachanganya dawa, unampelekea, anapona, anakushukuru. Na anapopona, ile thamani ya damu yake inapanda tena. Hapo ndipo nilipokuwa nasifu akili ya waliotengeneza, kabla mtoto hajanena. Wema wako wote kwa mtu unakwenda kwenye hesabu ileile.

Nilianza na Seymour Fishburn, anayeishi na mama yake kule gatini na usiku anaua watu. Nilijiambia, huyu hata akifa si dhambi. Kisha nikawa nguvu nimezionja, mapigano yamekuwa mepesi, na wa pili hakuwa muuaji. Alikuwa mzee tu.

Majina 11

Simu yangu ina orodha ya watu 11 wa kundi O hasi.

Asiyefanya kazi hii hawezi kujua majina 11 yana uzito gani. Kwetu watu wa kundi hasi ni wachache mno. Damu ya O hasi unaweza kumtia karibu mtu yeyote wakati muda umekwisha na hujajua kundi lake, lakini mwenyewe mwenye O hasi hapokei ila O hasi. Anawafungulia wote mlango, yeye ana tundu moja tu la kupita.

Mbele ya kila jina nimeandika maneno mawili matatu ya kujikumbusha. *Asubuhi yuko baharini, piga baada ya Alasiri. Mkewe hapendi, pitia kwa kaka yake. Huyu mpe muda, anaogopa sindano ila akishakuja anakuja.*

Na mbele ya jina moja, niliandika miaka minne iliyopita, kwa nia njema kabisa:

*Huyu hawezi kukataa.*

Niliyaona maneno yale alfajiri, baada ya usiku wa mbuzi wa Idd. Nilikuwa nimeyasoma mara ngapi kabla yake? Kila nilipompigia.

Mumiani

Bibi yangu alifariki hajawahi kukubali kutolewa damu, hata ya kupimwa malaria ilikuwa vita. Alizaliwa zama ambazo gari ngeni ikionekana shambani watoto wanaitwa ndani. Mumiani, wanyonya damu, wamekuja. Kamusi za wakati wa ukoloni zimeliandika neno hilo: dawa nyeusi kama utomvu, inaletwa kutoka Uajemi, inatumika kwa mifupa iliyovunjika, ila watu wa pwani waliamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na uvumi ukizuka kwamba mumiani inatafutwa, jua likizama hapana anayetoka nje.

Nilipokuwa kijana nikiyasikia hayo nilikuwa nacheka. Nikienda vijijini kuhamasisha watu wachangie damu, mzee mmoja akisema neno hilo barazani, nilikuwa na majibu yangu tayari: sindano ni mpya, mtu mmoja na yake, damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende, haiuzwi, inakwenda kwa mama anayejifungua. Yote kweli tupu. Bado nayasema na nitaendelea kuyasema, kwa sababu watu wanakufa kwa kukosa mfuko mmoja.

Lakini sasa nadhani bibi alikuwa akisema jambo ambalo sikulijibu. Mimi nilikuwa najibu kuhusu sindano. Yeye alikuwa anauliza: anayekuja kukuulizia habari zako, anataka nini?

Alitufundisha pia usiku ukiitwa jina lako usiitike mpaka umjue anayekuita. Na mwaka 1995, mwaka wa popobawa, zimwi lililosemwa huvamia watu usiku majumbani, nikiwa mdogo, alitutoa sote tukalale uwanjani na majirani, mikeka imepangwa mmoja hadi mwisho, wazee wamekaa na moto. Ninachokikumbuka zaidi ya hofu ni kulala na watu wengi hivyo. Kinachotisha humwendea aliye peke yake. Reid naye hamnyonyi mtu mbele za watu. Anamtia bumbuwazi, anamshika mkono, anamwongoza pembeni, na yule mtu anamfuata bila ubishi.

Simu zangu nyingi huwa ni za usiku. Na namwita mtu kwa jina lake.

Wiki ya tisa

Mama mmoja alijifungua, damu ikawa haivuji bali inamwagika. O hasi. Kwenye friji tulikuwa na mfuko mmoja, ukaingia, ukaisha. Daktari alinitazama tu, hakusema kitu.

Nikaifungua orodha.

Mwanamume anatakiwa apumzike miezi mitatu kati ya kutoa na kutoa. Yeye, wa hawezi kukataa, alikuwa wiki ya tisa. Nilijua. Nikampigia. Alitoka Mtambwe na bodaboda usiku ule, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi, akauliza neno moja.

"Ni mama?"

"Ni mama."

Akakunja mkono wa shati.

Nilipima wingi wa damu, ukasoma 13.2. Mpaka ni 13. Nikajiambia inatosha. Mililita 450 zikaingia kwenye mfuko, namuona anatazama dari, anachezesha kidole gumba kama nilivyomfundisha. Nikampa juisi na biskuti. Nikamwambia kesho asipande mti wala asibebe kizito.

"Inshaallah," akasema.

Ilikuwa ni katikati ya msimu. Karafuu hazingoji mtu, zikishachanua zimekwisha, na yeye ni mchumaji, mti wa mtu mwingine, analipwa kwa pishi anayoishusha. Inshaallah ile niliijua ni ya aina gani. Niliipokea kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka.

Kesho yake Adhuhuri alipata kizunguzungu juu ya mkarafuu. Alishuka matawi kadhaa, akiwa na akili zake, mwenyewe amenisimulia, anayashika moja moja. Kisha mkono ukaachia. Akaangukia mkono wa kushoto, ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Hakunipigia. Nilipata habari siku ya tatu, kwa mwenzangu aliyemuona kwenye foleni ya bandeji ngumu.

Mama yule alitoka hospitali na mtoto wake.

Mtu akiniuliza kama ningempigia tena, mama yuko pale kitandani na shuka limelowa, nitasema ningempigia simu na kumpigia tena mpaka apokee. Hapo sina shaka. Kinachoninyima usingizi kiko pembeni ya hapo, na kwa wiki kadhaa sikumwambia mtu.

Kulikuwa na wawili wengine kwenye orodha ambao muda wao ulishatimia. Mmoja yuko Wete, mmoja hapa hapa Chake, dakika kumi kwa miguu. Wa Wete ni wa kubembelezwa. Wa Chake ana maswali mengi. Nilikuwa nimechoka, nikawaruka.

Nilimchagua yeye kwa sababu nilimjua.

Huruma ya haraka

Niliirudia gemu tangu mwanzo, na mara hii niliazimia nisimnyonye mtu yeyote. Inawezekana, na mwisho wake unakuwa mwingine, lakini mapigano yanakuwa machungu. Adui aliyekuwa anakufa kwa mapigo matatu sasa anakuua wewe. Kwenye Switch ukihama mtaa unasubiri muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa ndipo picha irudi, na ukifa unasubiri tena. Nilisubiri sana.

Kule gatini kuna mtu anaitwa Sean Hampton. Anaendesha nyumba ya kulala masikini, watu wanamwona kama walii. Naye ameshaambukizwa, anaipiga vita njaa ya nyama ya watu kwa sala. Unafika mahali unatakiwa uamue: umuue, umnyweshe damu yako aweze kujizuia, au umwache aende na imani yake. Nilikuwa nimeapa kutoua. Yeye mwenyewe anasema Mungu atamshika. Nikamwacha, nikajisikia mwema.

Wakazi wa gatini wakaanza kufa mikononi mwake.

Gemu hii haikupi nafasi ya kurudi nyuma. Inahifadhi yenyewe, sehemu moja tu, ulichokifanya umekifanya. Nilikaa na kile kifaa mapajani, feni imesimama, umeme umekatika tena, nikakasirika kweli. Niliona nimedhulumiwa. Mtu anasamehe, watu wanakufa?

Ilinichukua siku mbili kuona kwamba nilikuwa nimekutana na Inshaallah ileile. Sean aliniambia nilichotaka kukisikia nikaondoka haraka. Siri zake zote nilizifungua, moja baada ya moja, na sikukaa hata kidogo kufikiria usiku wake utakuwaje mimi nikishaondoka. Vivyo hivyo sikufikiria asubuhi ya Mtambwe. Mchumaji wa karafuu katikati ya msimu, amepoteza usiku mzima, anadaiwa na duka. Atakaa nyumbani kwa sababu nimemwambia?

Ningeweza kumtafutia ujira wa siku moja. Ni fedha ninayoinunulia kifurushi cha simu.

Mtambwe

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala, nimepitia Wete kununua haluwa. Simu nilimwachia mtoto wa dada.

Reid hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Hilo la wanyonya damu linasimuliwa kwingi, sisi tunalijua kwa njia nyingine: hodi tatu, kimya, unarudi ulikotoka na huna haki ya kununa. Nilisimama mbele ya ule mlango nikawa natamani iwe kimya.

Hodi ya kwanza, hakuna. Ya pili, kuku tu.

Ya tatu ikaitikiwa na sauti ya mwanamke mtu mzima kutoka uani. "Karibu! Pita, mlango uko wazi."

Mamake alikuwa amekaa juu ya mkeka, karafuu mbichi zimemwagwa mbele yake, anazichambua na vikonyo vyake. Yeye yuko kando, mkono wa kushoto umefungwa hadi kwenye kiwiko, anachambua kwa wa kulia. Aliponiona alianza kuinuka.

"Nani tena?" akaniuliza. "Mama au mtoto?"

Alikuwa ameshaanza kukunja shati, kwa meno, kwa sababu mkono mmoja haufanyi kazi.

Sikuweza kujibu mara moja. Nikamwomba akae. Nikasema nimekuja kumtazama tu. Akanitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maneno.

Nikamwamkia mamake, nikaketi. Bibi yule hakuwa na haraka na mimi. "Wewe mtoto wa nani?" Nikamwambia. "Kwenu hasa?" Nikasema Ole. "Ole ya wapi, ya barabarani au ya chini?" Akanifikisha kwa babu yangu mzaa mama, akasema alikuwa na punda mweupe. Sikuwahi kusikia habari za punda mweupe. Miaka minne namjua mwanawe, najua wingi wa damu yake, uzito wake, siku zake za msimu, jina la mwenye duka anayemdai. Wao hawakuwa wakijua hata kwetu ni wapi, na mimi sikuwahi kuona kama hilo ni upungufu.

Kisha nikamwambia. Wiki ya tisa, alikuwa anaijua. Wale wawili, hakuwa akiijua habari yao. Nilimwambia kwamba walikuwepo, muda wao ulikuwa umetimia, na kwamba niliwaruka kwa sababu yeye ni mwepesi.

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alichambua vishada vitatu vinne. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, anakibonyeza kikonyo kwa kidole gumba, karafuu zinadondoka kama meno ya mtoto.

"Yule mama yuko vipi?"

"Mzima. Na mtoto."

"Alhamdulillah."

Akachambua tena.

"Na wewe damu yako kundi gani?"

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mchangia damu aliyewahi kuniuliza.

"B chanya."

"Unatoa?"

"Natoa."

"Mara ya mwisho lini?"

Bibi aliinua macho. Nikasema kweli, mwaka juzi. Kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi.

Yeye hakusema kitu. Alisogeza rundo la karafuu kwa mguu hadi mbele yangu, na mamake akanikunjia pembe ya mkeka nipate pa kukaa vizuri. Nilichambua nao hadi adhana ya Magharibi. Mwanzoni nilikuwa navunja vichwa vya karafuu, bibi ananichukulia mkononi, ananionyesha, ananirudishia.

Jumatatu, vidole bado vinanukia, nilikwenda kazini saa moja kabla ya zamu. Nikakaa kwenye kile kiti, upande ambao huwa sikai. Mwenzangu alichukua fomu mpya, akafungua kalamu, akaniuliza maswali yote tangu la kwanza, jina, umri, nimekula nini, nimelala saa ngapi, leo nina kazi gani mbele yangu, moja moja, akinisubiri nijibu, kama mtu asiyenijua.